Funza wa Mnazi

Mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana wa sayansi, nilishuka kutoka Lushoto kwenda Mnazi kumtembelea shemeji yangu, mfugaji. Ilikuwa Januari, jua la tambarare linaunguza. Nikakuta kesi. Ng'ombe wake alikutwa amekufa kichakani Jumatano ile, na kijana mchungaji aliapa, "Wallahi mwalimu, alipotea Alhamisi iliyopita, akiwa mzima."

Niliukagua mzoga huku nimeziba pua. Funza walikuwa wanene, wenye vijinundu vya miiba mwili mzima. Baadhi walikwisha kuwa pupa. Nikatamka kama hakimu: hawa wana siku kumi au zaidi. Basi kijana ameficha kifo. Shemeji akamnyima mshahara wa miezi mitatu, akamfukuza. Nani angebishana na mwalimu?

Funza wale ni wa nzi wa kijani anayeng'aa, Chrysomya albiceps. Yupo sehemu kubwa ya Afrika, kusini mwa Ulaya na Arabuni hadi India. Katika miaka ya 1970 alifika hata Brazili. Jike hutaga kwenye mizoga, na funza wake wakikua hula funza wa nzi wengine. Lakini mdudu hana joto lake mwenyewe. Penye nyuzi 30 hivi, funza huhitaji siku nne au tano tu kufikia pupa. Penye nyuzi 18, kama kwetu mlimani, muda huo huzidi mara mbili. Nilikuwa nimewahesabia funza wa Mnazi umri kwa kalenda ya Lushoto.

Nililijua kosa miaka tisa baadaye, chuoni. Wanachuo waliweka vichwa vya samaki katika makopo mawili, moja kivulini, jingine ndani ya banda la bati. La bandani lilipojaa pupa, la kivulini lilikuwa bado na funza wadogo. Nikakaa chini. Wanachuo walidhani ni harufu.

Wiki ileile nilishuka Mnazi. "Shemeji, ng'ombe mmoja tu, tena wa zamani," aliniambia mwenyeji wangu akicheka. Kijana alikwisha kuvuka kwenda Kenya. Nilimpelekea mama yake mshahara wa miezi mitatu. Alizihesabu fedha, akazifunga kwenye ncha ya khanga, kisha akaniomba nimwandikie mwanawe barua kwamba sasa anaweza kurudi. Nikaandika. Nilipomwuliza anwani, hakuwa nayo.