Tulipopima sote wawili

Leo tunaandika mimi na bwana wangu, na yeye ndiye aliyesema tuandike.

Tulikaa miaka saba bila mtoto, na miaka sita tulinitibu mimi tu. Tulisafisha kizazi, tukanywa makombe (hatuyakejeli, Qur'ani ni shifaa), tukanunua dawa kwa pesa ya mabuibui niliyoshona mpaka usiku wa manane. Hakuna aliyesema mwanamme naye apimwe, hata sisi wenyewe. Nguvu si anazo! Kumbe nguvu ni jambo moja, na mbegu ni jengine. Mavyaa alikuwa keshampatia mchumba Pemba na mahari yameshazungumzwa.

Ndipo daktari mmoja akakataa kutuandikia dawa mpaka tupime sote. Kipimo cha manii: mbegu sifuri. Tukarudia, sifuri. Akaagiza damu yake ipimwe kromosomu, ikapelekwa nje ya kisiwa.

Mwanamme kwa kawaida ana kromosomu 46, ndani yake X moja na Y moja. Yeye ana 47, X imezidi. Hali hii inaitwa Klinefelter. Wanaume wanayo takriban 1 kati ya 600, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Hakurogwa, wala si kosa la mzazi: hutokea tu yai au mbegu inapojigawa. Tulimweleza mavyaa polepole, asije akajilaumu. Alilia, kisha akairudisha posa mwenyewe.

Tulikuwa karibu kununua sindano za homoni za kiume. Daktari akatuzuia, maana zinazima hata zile mbegu chache ambazo pengine zimebaki. Wengine wenye hali hii hupatikana na mbegu ndani ya korodani kwa upasuaji, zikatungishwa na yai maabara. Wapo pia waliopungukiwa na kipande cha kromosomu Y. Kipande kiitwacho AZFa kikikosekana chote, upasuaji hauleti kitu. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza, kabla ya kulipia kisu.

Tulimuuliza shekhe wetu. Akasema mbegu ya mume na yai la mke, ndoa ikiwa ipo, hapana tatizo; mtu wa tatu hapana.

Yule binti wa Pemba tunamfikiria sana. Angeingia nyumbani kwetu, naye angenyweshwa makombe yale yale.

Cherehani moja tumeshaiuza. Pesa ya upasuaji bado haijatimia.