Namba 37 hajarudi!

Kama hujawahi kuona watu wazima na akili zao timamu wanapanda treni ya mjini saa kumi na moja jioni, giza totoro, kila mmoja kabeba mbao mbili ndefu begani kama fundi wa kenchi anayewahi saiti, basi nenda Oslo mwezi wa kwanza. Mimi nilienda Januari 2024 kumtembelea dada yangu, ambaye ni nesi huko na kaolewa na Mnorwe. Nikasema moyoni, hawa jamaa wamechanganyikiwa. Wiki mbili baadaye na mimi nilikuwa ndani ya treni hiyo hiyo, na kilichonipata huko mwisho wa reli nitakusimulia, ila usinicheke.

Treni inatoka katikati ya jiji na kupanda kuelekea kaskazini. Dakika kama ishirini hivi unashuka kituo cha Sognsvann, na hapo jiji limekwisha. Mbele ni ziwa lililoganda, na nyuma ya ziwa ni msitu unaoitwa Nordmarka. Msitu wenyewe una njia za theluji zilizowekewa taa za umeme kwenye nguzo, utadhani barabara ya mtaani, ila magari hakuna. Kuna mtambo unaopita na kuchora mifereji miwili midogo sambamba, ndimo zinamopita skii. Chama cha Skiforeningen, kilichoanzishwa 1883, ndicho kinachohudumia njia nyingi za huko.

Baridi yenyewe siku hiyo ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Kwa faida ya msomaji wa Bongo, friza ya nyumbani kwako inagandisha samaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimezidiwa na samaki nyuzi nne tu.

Sasa shemeji yangu ni kiongozi wa mashindano katika klabu yao ndogo. Usifikirie mashindano ya kwenye televisheni. Hapa nazungumzia mashindano ya mtaani ya kila wiki, siku ya katikati ya wiki, watu wametoka kazini, watoto wametoka shule. Ni sawasawa na kombe la mbuzi kule mchangani kwetu, tofauti ni kwamba hakuna mbuzi na hakuna anayelipwa. Wana neno lao, dugnad, maana yake kila mtu ajitolee kazi ya wote. Wazee wetu waliita msaragambo. Wenzetu wanalipenda neno hilo kiasi kwamba mwaka 2004 lilichaguliwa kuwa neno la taifa.

"Shemeji," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, "hapa kwetu asiyekimbia anafanya kazi. Chagua." Nikatazama zile skii, nikatazama kile kilima. Nikachagua kazi.

Ndipo nikajua kwamba kuandaa mbio hizi si lelemama. Jana yake watu walishapita njia nzima kuangalia kama kuna tawi limeanguka. Mzunguko ulikuwa kilomita mbili na nusu. Vijana wanazunguka mara moja, wakubwa mara mbili. Watoto wadogo walishapita mapema kilomita moja yao, na wao hawapimwi muda wala hawaambiwi nani wa kwanza, kila mmoja anapewa zawadi yake, basi. Kwenye njia panda wamesimama watu wazima wenye vizibao vya kung'aa. Mwingine kasimama chini ya mteremko mkali, hapo ndipo watu wanapobwagana. Kibanda cha klabu kina moto, kahawa, na akina mama na akina baba wanaochoma keki bapa ziitwazo vafler, zinazoliwa na jamu au jibini ya rangi ya kahawia. Hela ya vafler ndiyo inayonunua vifaa vya klabu. Usiidharau.

Ndani ya kibanda watu wanapaka nta chini ya skii. Hii nayo ni sayansi yake. Nta ya kukamata inapakwa katikati, na inachaguliwa kwa kufuata baridi ya siku hiyo. Ukipaka ngumu mno, unapanda kilima kama uliyekanyaga ganda la ndizi. Ukipaka laini mno, theluji inaganda chini ya skii na wewe unakuwa kama umevaa matofali. Kila mzee ana siri yake ya nta, na kila mzee anakwambia siri ya mwenzie ni upuuzi. Kijiwe ni kijiwe tu, hata kwenye theluji.

Ukutani kuna misumari mia moja. Kila msumari una namba, na kwenye kila msumari inaning'inia namba ya kitambaa ya kuvaa kifuani. Unachukua, unaandikwa jina, unaenda kukimbia, ukirudi unaitundika pale pale. Nikaona kama mambo ya shule ya chekechea. Subiri.

Watu hawaondoki kwa pamoja. Wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 30. Saa kumi na mbili na sekunde 30 anaondoka namba 1, kamili dakika ya kwanza namba 2, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuandika nani kaondoka saa ngapi, namba yake yenyewe inasema. Namba 20 kaondoka saa kumi na mbili na dakika 10. Akifika unatazama saa, unatoa, umepata muda wake. Hesabu ya darasa la nne.

Kazi yangu ilikuwa mstari wa mwisho. Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu anabonyeza saa kila mtu anapovuka, anatamka muda kwa sauti. Mimi naandika muda na namba ya kifuani. Nikatoa peni yangu ya kifahari. Bibi akacheka, akanipa penseli. Wino unaganda, bwana! Peni ilikufa kabla hata ya mtu wa kwanza kuvuka.

Walikimbia watu 64. Mwanzoni nilikuwa bomba. Wanakuja mmoja mmoja, mvuke unawatoka puani, ndevu zimeganda barafu, naandika kwa madaha. Kisha wakaanza kuja kwa makundi. Upande wa kushoto wanapita wakubwa wanaoanza mzunguko wa pili, upande wa kulia wanaingia wanaomaliza. Vidole vyangu vikawa kama vya mtu mwingine. Nikaviingiza kwapani kidogo tu vipate uhai. Hapo wakavuka vivuli viwili bega kwa bega. Bibi akabonyeza mara moja. Nikaona namba ya mmoja. Wa pili nyuma yake sikumwona vizuri. Nikasema nitauliza. Mara akaja mwingine, na mwingine, na mimi nikasahau.

Saa moja na dakika kumi wa mwisho akavuka, mzee wa zaidi ya miaka sabini, na watu wakampigia makofi kuliko wa kwanza. Nikajipongeza. Tukaingia kibandani, nikapewa kahawa na vafler mbili. Dada yangu alikuwa kwenye zamu ya kukusanya namba za vifuani. Nikamwona anahesabu misumari mara ya kwanza. Akahesabu mara ya pili. Halafu akaita kwa sauti ambayo tangu utoto wetu Magomeni naijua si ya utani:

"Namba 37 hajarudi."

Kibanda kizima kikanyamaza. Aliyekuwa anacheka alikata kicheko. Wakatazama daftari: namba 37 ni binti wa miaka kumi na mitatu. Mama yake hakuja siku hiyo. Baba yake ndiye aliyesimama chini ya ule mteremko, upande wa pili wa msitu, na alikuwa bado njiani kurudi. Wakampigia binti simu. Haipatikani. Baridi ile inaua betri kama mchezo. Wakatazama karatasi yangu: watu 63. Wakatazama saa ya bibi: mibonyezo 63.

Msomaji wangu, moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu. Nilikumbuka vile vivuli viwili. Huenda mmoja alikuwa 37. Huenda. Lakini sikuwa na hakika. Na hapo nikaanza kupiga mahesabu ya kijinga. Nikisema "kafika," nikawa nimekosea, mtoto yuko porini na mguu umevunjika, nani atamtafuta? Nikinyamaza, watu wanaingia msituni usiku bila sababu kwa uzembe wangu, lakini angalau sitaaibika mbele za watu, mgeni kutoka Dar aliyepewa penseli akashindwa kuandika namba mbili. Nakiri, nilinyamaza. Kama dakika mbili hivi. Kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri dakika mbili si kidogo.

Kilichonifungua mdomo ni baba mtu. Aliingia anakung'uta theluji, akauliza kwa tabasamu binti yake kawahi vafler? Hakuna aliyemjibu. Lile tabasamu lilivyoondoka usoni, sitalisahau.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza, dada akitafsiri: "Kuna watu wawili walivuka pamoja, mimi nikaandika mmoja. Wa pili sikumwona. Anaweza kuwa yeye, anaweza asiwe yeye. Sijui."

Kwetu mchangani refa akikosea hutafuta pa kukimbilia kabla hajatafuta maelezo. Nikajiandaa kwa lolote. Shemeji akanitazama, akasema maneno machache tu: "Vizuri umesema. Kwa hiyo hatujui. Tusipojua, bado yuko msituni." Basi. Wakajipanga bila kelele. Wawili wa mbio walivaa skii, mmoja akapita njia kwa mbele, mwingine kwa nyuma, wakutane katikati. Baba mtu kaenda na taa ya kichwani kukagua njia za pembeni. Mmoja chooni na stoo ya nta. Dada na mimi sehemu ya magari. Bibi kabaki na simu na ile saa yake.

Tulipita gari moja baada ya jingine tukimulika vioo. Gari la kumi na ngapi sijui, vioo vimejaa mvuke kwa ndani. Dada akagonga. Kioo kikashuka. Wasichana wawili wamejifunika blanketi, muziki unalia, wanakula chokoleti. Yule wa pili kavaa jaketi nene, na kwa chini kidogo inachungulia namba: 37.

Alikuwa amemaliza mbio zake, akaona baridi, rafiki yake ana funguo ya gari la mama yake, wakajifungia. Namba ya kifuani? Kasahau, iko chini ya jaketi. Dada alimkumbatia kwanza, akamgombeza baadaye. Baba yake alipotokea hakumgombeza kabisa. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akageuka upande wa msitu, akakaa hivyo kidogo.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe kesi yangu ndiyo inaanza. Binti kaingia kibandani, kaenda kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani, kaitazama juu mpaka chini. Akageuka na macho yenye machozi. "Muda wangu uko wapi? Leo nilikimbia vizuri kuliko siku zote."

Hiyo ilinichoma kuliko yote. Mtoto kajituma nusu ya majira ya baridi, siku yake imefika, na mimi nikawa na mikono kwapani.

Aliyeniokoa ni namba 21, mmoja wa wale wawili waliotoka kutafuta msituni. Alikuwa anavua skii mlangoni akasikia. Akacheka: "Huyu? Huyu ndiye aliyenipita pale mstarini kwa urefu wa ncha ya skii!" Tukafungua karatasi. Namba 21 kavuka saa kumi na mbili, dakika 28 na sekunde 40. Namba 37 kaondoka dakika 18 na sekunde 30. Toa: dakika 10 na sekunde 10. Bibi akaniachia penseli niandike mwenyewe. Niliandika kwa herufi kubwa.

Zawadi ya usiku ule, jozi ya glovu, haikwenda kwa aliyeshinda. Klabuni kwao zawadi hupigiwa kura ya bahati, ili hata wa 64 awe na sababu ya kuja. Nilipouliza mbona hivyo, yule mzee wa mwisho akaniuliza kama namjua Philip Boit. Nikajifanya nawaza. Akashangaa, kumbe yeye anajua majirani zangu kuliko mimi. Boit ni Mkenya, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, na mwaka 1998 akaingia Olimpiki ya Nagano, Japani, kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi alikuwa Mnorwe, Bjørn Dæhlie, aliyemtangulia kwa dakika 20. Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake, alisimama kwenye baridi pale mstarini mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. "Unaona?" mzee akasema, akichovya kipande cha vafler kwenye kahawa. "Watu wa pale mstarini hawaruhusiwi kuondoka mapema."

Wiki iliyofuata nilidhani watanipa kazi ya kukoroga unga. Nilipofika, bibi alikuwa ananisubiri na penseli mbili, na safari hii kaniletea glovu zisizo na ncha za vidole, alizofuma mwenyewe. Watu 58 waliondoka, 58 niliwaandika, na misumari 58 dada aliihesabu mara moja tu.

Ila jina halikufutika. Mpaka leo dada akipiga simu kutoka Oslo hasemi shikamoo ya mama iko wapi wala habari za huko. Anaanza tu: "Haloo, Thelathini na Saba! Umesharudi?"