Gundi sio yangu, magoti ni yangu

Wasee, kuna mtu alihama keja hapa Nairobi akabeba kapeti yake akaniachia gundi. Simjui. Najua tu alikuwa mtu wa kumwaga: kona zote nne, katikati, hadi nyuma ya mlango. Gundi ya kahawia, imeganda, imeshika vumbi la miaka.

Nilipoingia hiyo bedsita nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa pesa ya video mbili tatu. Nikauliza keateka nani atatoa hiyo kitu. Akacheka. "Si wewe ndio unaishi hapo?" Mwezi huo huo jirani wa juu akahama, akakatwa nusu ya diposti sababu ya gundi aliyoikuta. Hakuwa na picha hata moja. Neno lake dhidi ya la mwenye nyumba, na unajua nani hushinda hiyo kesi.

Kwa hivyo kabla hujaingiza godoro, piga sakafu picha, kila kona, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mimi nilituma kumi na nne. Alisoma, hakujibu. Haidhuru, tarehe iko.

Sasa kutoa. Kuna msee atakuambia petroli. Zii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na kwa bedsita jiko la gesi liko hatua mbili kutoka kitandani.

Anza na maji. Chemsha, weka sabuni ya vyombo, lowesha kitambaa ukilaze juu ya gundi dakika kumi hivi. Kuna gundi za maji, na hizo zitalainika ukwangue uendelee na maisha. Yangu ilikuwa ya mpira, ndugu ya gundi ya viatu. Hiyo maji haiisumbui.

Nikaenda hadiwea nikanunua tapentaini. Dirisha wazi, mlango wazi, glavu mkononi, gesi imefungwa. Unamimina kwa kitambaa, sio sakafuni. Unakilaza, unangoja gundi ivimbe, halafu unapitisha skrepa ikiwa imelala. Ukiisimamisha itachora taili, na huo mchoro hautoki. Stilwaya pia achana nayo, hasa kwa taili za kung'aa. Halafu futa haraka na kitambaa kikavu, sababu gundi iliyoyeyuka hupenda kuingia kwa ile mistari ya simenti kati ya taili, na kuitoa huko ni balaa. Maliza na maji ya sabuni. Kama taili zako ni za plastiki, jaribu kwanza mahali hapaonekani, maana tapentaini inaweza kuziharibu, na thina ni mbaya zaidi.

Ilinichukua jioni tatu. Jioni ya pili mamangu alinipata nimepiga magoti, akasimama mlangoni akauliza kama hii ndio kazi niliyoachia digrii. Nikamwambia, mum, digrii haingetoa hii gundi. Hakucheka. Alivua viatu, akafunga leso vizuri, akachukua kitambaa kingine. Mambo ya chuo hatujawahi kuyaongea vizuri, na siku hiyo pia hatukuyaongea. Tulimaliza upande wote wa dirisha.

Na wewe unayenunua kapeti wiki hii: kwa nyumba ya kupanga, gundi ni ya nini? Itandaze kwa jua kidogo ilainike, irudishe ndani, weka kitanda na kochi juu. Itaenda wapi? Siku ya kuhama unaikunja unaenda, na anayekuja baada yako anapata sakafu.

Ah, na vile vitambaa vya tapentaini, usivifungie kwa karatasi uache ndani ya nyumba. Vianike nje, mbali na moto, vikauke kabisa ndio utupe.