Ugonjwa wa Breki na Dalili Zake

Watu wengi huisifu motakaa kwa nguvu zake za kupanda mlima. Mimi, niliyefundisha miaka mingi katika milima ya Usambara, naona kwamba sifa yake ya kwanza ni kusimama inapotakiwa. Barabara itokayo Lushoto kuteremka Mombo hushuka kadiri ya mita 1,000, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Gari lisiloweza kupanda humchelewesha mtu. Gari lisiloweza kusimama humwua, pamoja na wote aliowapakia.

Shule yetu ina Land Rover ya zamani, iliyoundwa mwaka 1967. Mchana huchukua unga na vitabu, na usiku huchukua wagonjwa wa kijiji, hasa akina mama walioshikwa na uchungu. Mwaka jana breki zake zilianza kulegea. Dereva hakushtuka, alisema, "Mwalimu, ukikanyaga mara mbili zinashika." Fundi mmoja naye akasema tununue masta silinda mpya, wala hakuinama hata kidogo kutazama chini ya gari. Fedha zilizokuwamo sandukuni zilikuwa za madawati. Basi nikawaomba wazee wa halmashauri tumwulize kwanza mgonjwa mwenyewe anaumwa wapi.

Breki za namna hii hufanya kazi kwa mafuta. Mguu ukishusha pedeli, pistoni iliyo ndani ya masta silinda huyasukuma mafuta katika mabomba membamba mpaka kwenye kila gurudumu. Huko silinda ndogo huzitanua shuu mbili za breki, nazo huishika dramu kwa ndani. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: majimaji yaliyofungiwa yakisukumwa, msukumo huenea pande zote sawasawa. Lakini hewa ikibanwa hunywea. Kwa hiyo hewa kidogo tu ikiingia bombani hula nguvu za mguu. Tena katika gari letu njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote manne; bomba moja likipasuka, breki zote hupotea.

Pedeli, basi, ndiyo ulimi wa breki. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, ikanyage kwa nguvu na kuishikilia dakika moja. Ikiwa yabonyea kama mpira, kuna hewa ndani. Ikiwa yazama polepole chini ya mguu, wala hakuna mafuta yanayovuja nje, masta silinda imechoka kwa ndani. Ikiwa mara ya kwanza yashuka sana, na mara ya pili yasimama juu na kuwa ngumu, shuu zimekwisha au zimekaa mbali na dramu. Na gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, yamkini gurudumu la upande wa pili halishiki.

Tulipolijaribu letu, pedeli ilishuka mara ya kwanza, mara ya pili ikasimama imara, na dakika nzima haikuzama. Masta silinda, basi, haikuwa na kosa. Lakini gari lilivutwa kuume. Nikamwuliza dereva habari za chupa ya mafuta ya breki, akajibu kwamba kila juma huongeza kidogo. Jibu hilo lilitosha kutuonyesha njia, maana mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yakipungua upesi, yanavuja mahali.

Kabla ya kuinua gurudumu, zuia mengine kwa mawe makubwa. Breki ya mkono ya Land Rover hiyo haishiki magurudumu yenyewe. Hushika mti unaozunguka nyuma ya gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari laweza kuteremka ingawa breki ya mkono imevutwa.

Tulifungua gurudumu la mbele la kushoto, tukakuta shuu zimelowa. Swali likawa: ni mafuta ya breki, au ya ekseli? Mafuta ya gia ni mazito, na maji hayayaondoi; ya breki ni mepesi, nayo huchanganyika na maji. Yetu yaliondoka kwa maji. Mpira wa silinda ndogo ulikuwa umelika, na ndani mna kutu. Tulinunua silinda hiyo moja, na shuu mpya za magurudumu yote mawili ya mbele, kwa maana upande mmoja ukiwa mpya na wa pili wa kale, gari halitasimama sawa. Vumbi la dramu tulilifuta kwa kitambaa chenye maji, wala hatukulipuliza, kwa kuwa bitana za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu.

Kisha tulikaza skrubu ya kurekebishia mpaka gurudumu likakwama, tukailegeza kidogo mpaka likazunguka. Mwisho tulitoa upepo, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: mmoja akanyaga, mwenzake afungua skrubu ndogo iliyovikwa mpira uliozama ndani ya chupa ya mafuta, naye huifunga kabla pedeli haijaachwa. Tulitia mafuta mapya ya breki; ya injini huharibu mipira. Hata mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa, na yakiwa na maji huchemka mapema katika mteremko mrefu, ndipo pedeli huanguka ghafula. Yafaa kuyabadili kila baada ya miaka miwili hivi, na kuteremka kwa gia nzito, ili injini ichukue sehemu ya kazi.

Tulilijaribu gari uwanjani polepole, kisha katika kilima kidogo, ndipo likaruhusiwa kubeba watu. Fedha za madawati zilibaki nyingi. Lakini mimi naona faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba dereva wetu sasa hakanyagi mara mbili akanyamaza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika mteremko wa Mombo, ndugu msomaji, mtu hapati nafasi ya kujenga ukuta.