Niliapa kwa Nilichokiona

Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu alinijia mwaka 2016, nilipokuwa mwalimu mpya, nimetoka tu chuo cha ualimu.

Usiku mmoja niliamshwa na mlio wa mnyororo barazani. Nilipochungulia dirishani nilimwona mtu mrefu, aliyevaa kabuti na kofia, akiikokota baiskeli yangu. Mbalamwezi ilikuwa ikijificha na kutokeza mawinguni. Nikapiga kelele, majirani wakatoka, lakini mwizi alikwisha kutoweka.

Asubuhi yake taa ya baiskeli ile iliokotwa kando ya njia, karibu na kibanda cha muuza makaa mmoja, mtu mrefu mwenye kabuti. Askari walimkamata, wakamleta mbele yangu, wakaniuliza, "Mwalimu, ndiye?" Nikajibu, "Ndiye." Mbele ya hakimu niliapa, nikalirudia neno lilo hilo. Muuza makaa alikana, lakini ni nani angemsadiki yeye, amwache mwalimu? Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Sheria ya Kenya humpa aliyehukumiwa siku 14 za kukata rufaa, naye aliikata akiwa gerezani. Siku ya kusikizwa katika Mahakama Kuu nilikwenda, nikaketi nyuma, nikiamini kwamba atashindwa.

Jaji aliupima upya ushahidi wote, kama ilivyo wajibu wa mahakama ya kwanza ya rufaa. Mwanga ulikuwa wa namna gani? Umbali ulikuwa hatua ngapi? Shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Je, alimjua kabla ya usiku ule, au aliwaeleza askari sura yake kabla ya kuonyeshwa? Kwa nini hakukufanywa gwaride la utambuzi, ili shahidi amchague mtu wake kati ya wenziwe wanaofanana naye? Kila swali lilinichoma moyo, kwa maana uso sikuuona kamwe. Niliona kabuti.

Kuhusu taa, jaji alikumbusha kanuni iliyotamkwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1949: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mazingira ila mambo yote yawe hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, wala hayawezi kuelezwa kwa njia nyingine ya akili. Njia ile hupitwa na kijiji kizima. Mwizi yeyote mwenye kukimbia angeweza kuiangusha taa pale. Hukumu ikabatilishwa.

Nje nilimwendea, nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu." Akanitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, wewe hukusema uongo. Lakini mvua zimepita, nami sikupanda."

Tangu siku hiyo, mwanafunzi ajapo kuniambia, "Mwalimu, fulani ameiba kalamu yangu, nimemwona," simwiti fulani kwanza. Humketisha mshtaki, nikamwuliza: Ulisimama wapi? Uliona uso, au sare? Na katika shule yetu sote twajua kwamba sare ni moja.

Nanyi vijana, mkiitwa siku moja kutoa ushahidi, semeni mliloliona, wala msiongeze hata unywele mmoja. Rufaa yaweza kumtoa mtu gerezani. Siku zake zilizopotea haiwezi kuzirudisha.