Sauti ya Mama na Mdomo Wake

Huko katika makazi ya Nakivale ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwaka 1958, kijana mmoja kutoka Kongo alikuwa na sauti ya marehemu mama yake ndani ya simu: hadithi ya sungura na fisi, dakika 3 kamili. Aliichorea katuni ili wadogo zake, waliokuwa wachanga mama alipofariki, wapate kumwona akisimulia.

Kila alipoiamuru kompyuta itoe filamu, programu ilizimika njiani, na kazi ya usiku kucha ikapotea. Alidhani mashine imekufa. Kumbe kumbukumbu yake ilijaa. Fundi mmoja wa Mbarara akamwambia:

"Mdogo wangu, usitoe filamu nzima kwa mkupuo mmoja. Toa picha mojamoja, kisha uziunge. Ikizimika baada ya picha ya 900, utaanzia 901."

Picha zote 4,320 zikatoka. Lakini wadogo walipotazama, mama alifumba mdomo na sauti ikaendelea kwa sekunde 7 nyingine. Kitinda mimba akauliza ni nani anayesema. Swali hilo lilimchoma kuliko siku zote alizopoteza.

Akapiga hesabu kwa kalamu. Alikuwa amepanga picha 24 kwa kila sekunde, lakini wakati wa kuziunga aliacha 25. Ndiyo maana picha zilitangulia. Wengi, msomaji, hukimbilia kuikata sauti, jambo ambalo huharibu zaidi. Yeye alirekebisha tarakimu hiyo tu, sauti hakuigusa.

Jioni ile walitazama mara tatu. Mara ya nne betri ya umeme wa jua ikaisha.