Udongo wa Mweru na Mng'aro wa Kokoto

Msafiri atokaye Mansa, makao makuu ya Jimbo la Luapula nchini Zambia, akashika njia ya kaskazini, huwa na mto Luapula mkono wake wa kushoto, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Kongo. Hupita Mwense, kisha Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, ambako kila mwezi wa Julai husherehekewa sikukuu ya Mutomboko. Hupita Mbereshi, penye misheni iliyoanzishwa mwaka 1900. Mwishowe hufika Nchelenge na jirani yake Kashikishi, na hapo macho hukutana na Ziwa Mweru: maji yaliyotanda eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, katika kimo cha mita 917 juu ya usawa wa bahari.

Kusini mwa ziwa, pale mto unapojigawa na kupotea katika mabwawa kabla ya kumwaga maji yake, nchi kavu na maji havina mpaka ulio wazi. Humo ndimo kilimo kisiwa cha Chisenga. Kwenda huko ni safari ya chombo, kupita baina ya matete na mafunjo. Riziki ya nchi hii ni samaki: pale, ambaye ni jamii ya perege, na chisense, dagaa wadogo wavuliwao usiku kwa mwanga wa taa. Wazee humkumbuka pia mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, hata nyavu zikamwelemea katikati ya karne iliyopita.

Lakini mto hauleti samaki peke yao. Kila masika huchukua udongo wa nchi za juu. Maji yanapopunguza mwendo, mchanga mzito huzama kwanza. Chembe laini kabisa husafiri mbali zaidi, nazo hutua pale maji yanapotulia. Kwa hiyo kwenye mabwawa kama haya ndiko upatikanako udongo wa mfinyanzi, ule unaonata mkononi na kutii kidole. Kwa Kibemba, lugha inayotawala ukanda huu, udongo huo huitwa ibumba, na kufinyanga ni kubumba. Mswahili hana haja ya mkalimani hapo. Bumba la udongo analijua, na kuumba analijua. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja.

KAZI YA MIKONO MITUPU

Katika nchi za Wabemba na majirani zao ufinyanzi ni kazi ya wanawake, nao hawakutumia gurudumu. Udongo huchimbwa, hukaushwa, hutwangwa na kuchambuliwa vijiwe na mizizi. Hulowekwa, kisha hukandwa mpaka usibaki na hewa ndani. Chungu huanza kama bumba, hutobolewa, kuta zikapandishwa kwa vidole na kwa misokoto ya udongo iliyopangwa moja juu ya nyingine. Kipande cha kibuyu hulainisha tumbo la chungu, na ukingo hukamilishwa kwa kitambaa au jani lililoloweshwa.

Wahenga wa Kiswahili walisema udongo uwahi ungali maji. Watu huitumia methali hiyo kuwaasa wazazi juu ya watoto, lakini asili yake ni shauri la kazi. Udongo uliokwisha kukauka hausikii, na udongo uliokaushwa kwa pupa hupasuka. Chungu hukaa kivulini siku nyingi, pengine wiki mbili, kabla ya kuona moto.

Si vyombo vya jikoni tu vilivyotoka katika udongo huu. Wabemba wanazo sanamu ndogo za kufinyanga ziitwazo mbusa, zitumikazo katika chisungu, yaani unyago wa wasichana. Anayesimamia mafunzo huitwa nachimbusa, naye ni kama kungwi wa pwani. Kila sanamu ina jina lake, wimbo wake na fundisho lake juu ya nyumba, ndoa na wajibu. Mtaalamu wa Kiingereza, Audrey Richards, alishuhudia unyago huo mwaka 1931, akaueleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1956. Mjini Mbala, Jumba la Makumbusho la Moto Moto limehifadhi mkusanyo wa mbusa ulioanzishwa na padre Jean-Jacques Corbeil. Hata vidude hivyo, ambavyo vingine hutosha katika kiganja, havikupakwa kioo. Vilipambwa kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi.

KILWA MBILI

Ndani ya Ziwa Mweru kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina lile lile la mji wa kale wa pwani ya Tanzania. Biashara iliziunganisha pwani na nchi ya Kazembe tangu zamani. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi Novemba mwaka 1867, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kukaa miaka mingi.

Kilwa ya pwani iliviona vyombo vya kung'aa kabla ya miji mingi ya bara hili. Bakuli za Uajemi na kaure za China zilishushwa bandarini, na katika miji ya pwani nyingine zilijengewa katika kuta, dari za misikiti na makaburi, zikawa pambo. Lakini vigae vinavyochimbuliwa katika magofu hayo vinasimulia habari ya pili. Vilivyo vingi ni vya vyungu vya kienyeji, visivyo na mng'aro wa kioo. Bwana wa nyumba alionyesha bakuli la kigeni ukutani, na wali wake ukapikwa katika chungu cha jirani.

Mng'aro ule wa kigeni huitwa glezi. Ni unga wa mawe na majivu unaopakwa juu ya chombo, ukayeyuka motoni na kugeuka kioo. Je, kwa nini mfinyanzi wa Mweru hakuutumia? Wako wanaodhani ni kwa kutojua. Jibu la kweli limo katika moto.

Msingi wa glezi ni silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe. Silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700 za Selsiasi. Ikichanganywa na majivu ya kuni na mawe ya aina maalumu, huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 na zaidi kidogo. Moto wa wazi wa nyasi, magome na kuni, ambao ndio wa vijijini, hufika baina ya nyuzi 600 na 900. Aidha, udongo mwingi mwekundu, kwa wingi wa chuma kilichomo, hulegea na kupinda kabla haujafikia joto la glezi hiyo. Basi mwenye kutaka glezi ya majivu hana budi kuwa na tanuri lililojengwa, kuni nyingi, na udongo wa namna nyingine.

RISASI ISIYO NA MLIO

Hapa ndipo penye hatari ambayo kila mwenye nyumba yampasa kuijua. Iko glezi iyeyukayo kwa joto dogo, nayo ni ile iliyotiwa madini ya risasi. Kwa karne nyingi wafinyanzi wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kusini waliitumia, kwa kuwa hung'aa vizuri na haidai kuni nyingi. Leo mnunuzi wa mjini hupenda kinachong'aa, na fundi mwenye moto mdogo aweza kushawishika kusaga risasi ya betri kuukuu ya gari ili apate mng'aro huo kwa njia ya mkato.

Askari aijua risasi itokayo katika mtutu wa bunduki. Ile hutoa mlio. Hii ya jikoni haina mlio. Ndimu, ukwaju, siki, nyanya na pombe huing'oa kidogo kidogo kutoka katika glezi isiyoiva barabara, nayo huingia katika chakula. Mtoto mdogo ndiye aumiaye zaidi, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Wazambia wanao ushahidi wao: mgodi wa risasi wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake liliendelea kuingia katika damu ya watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo chombo chenye mng'aro ambacho asili yake haijulikani, na kilichochomwa kwa moto mdogo, kifaacho ni kukifanya pambo. Kisiwekwe chakula wala kinywaji. Wala mtu asiyeyushe betri nyumbani kwa sababu yoyote, maana moshi wake ni sumu vile vile.

MNG'ARO WA KOKOTO

Mfinyanzi wa moto mdogo hakuachwa bila njia. Chungu kikiisha kukauka nusu, kikawa na ugumu wa ngozi, husuguliwa kwa kokoto laini ya mtoni. Chembe za udongo hulala chali, zikabanana, uso ukawaka kama uliopakwa mafuta. Akitaka wekundu, hukipaka kwanza uji mwepesi wa udongo wenye chuma. Wafinyanzi wa Wakabaka wa Buganda walisugulia unga mweusi wa grafiti mpaka chungu kikang'aa kama chuma. Wakisi wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huletwa kwa mtumbwi katika soko la karibu na Matema, nao husifika kwa wembamba na ulaini wa kazi yao bila glezi.

Chungu kisicho na kioo kina faida nyingine. Mtungi wa maji hutoa jasho kupitia vitundu visivyoonekana kwa jicho, jasho hilo likikauka huchukua joto, na maji yaliyomo hupoa. Ukiupaka kioo, umeuziba. Maji yatabaki na uvuguvugu wa mchana. Chungu cha kupikia chahitaji kuzibwa kidogo, na kwa hicho mafundi wengi wa Afrika hukitoa motoni kikingali cha moto wakakipaka maji ya magome yaliyochemshwa, au hupikia uji mzito mara ya kwanza ili wanga uzibe vitundu.

Familia itakayo kujaribu yaweza kuanza kwa vyombo vidogo: kibakuli cha chumvi, kijungu cha mtoto, kishikio cha mshumaa. Udongo upimwe kwanza. Sokota uzi mnene kama penseli uuzungushe kidoleni. Ukikatika, hauna mnato wa kutosha. Fanya kibamba, chora mstari wa sentimita 10, kisha upime baada ya kukauka. Ukipungua ukawa 9, umesinyaa asilimia 10, nao utapasuka. Uongezewe mchanga laini au vigae vilivyosagwa. Udongo wa ufukoni una hila yake, yaani vipande vya makoa ya konokono. Vikipita motoni hugeuka chokaa, na siku chache baadaye chokaa hiyo hunyonya unyevu, hufura na kubandua chungu kilichodhaniwa kuwa kizima. Dondoshea maji ya ndimu juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, tafuta shimo jingine. Na chombo kisitiwe motoni kingali na unyevu, maana mvuke utakilipua. Kiwashwe joto taratibu kando ya moto kwanza.

ALIYEJUA GLEZI AKAIACHA

Wako Waafrika walioifikia glezi ya moto mkali kwa njia iliyo salama. Mwaka 1951 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, chenye tanuri la kuni na glezi za mawe na majivu ya pale pale. Huko Ladi Kwali, mwanamke aliyejifunza kijijini kwa mikono mitupu, alitia glezi juu ya mitungi ya kienyeji, na sura yake ikachapwa katika noti ya naira 20 ya nchi yake.

Katikati ya miaka ya 1970 alifika Abuja kijana wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikuwa akisomea sanaa Uingereza, na glezi aliifahamu. Lakini alichokipenda ni mikono ya wanawake wale wa Nigeria. Vyombo vilivyompatia sifa duniani hujengwa kwa mkono, hupakwa uji wa udongo, husuguliwa mpaka vikang'aa, na huchomwa: moto wenye hewa huvitoa vyekundu, moto ulionyimwa hewa huvitoa vyeusi. Vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho, na hakuna tone la kioo juu yake.

Sufuria na ndoo za plastiki zimekwisha kufika katika kila kijiji cha Mweru, kwa kuwa ni nyepesi na hazivunjiki upesi. Mfinyanzi aliyebaki hushawishika kushindana nazo kwa mng'aro, na huko ndiko atakakoshindwa, au atakakowadhuru wanunuzi wake. Nguvu yake i katika yale ambayo plastiki haiyawezi: maji yaliyopoa bila umeme, mchuzi uliochemka taratibu, na uso uliolainishwa na kokoto.

Mfinyanzi hulia gaeni, husema methali, yaani fundi wa vyungu hula katika kigae kwa kuwa vizima amewauzia wengine. Anayemnunulia chungu chake cha wazi kwa bei ya haki humwezesha siku moja kubakiza kizima kimoja nyumbani kwake.